Krosi 81: uchambuzi wa msimu ulioivuruga Manchester United

Jumapili ya tarehe 9 Februari 2014 Fulham walikuja Old Trafford, uwanja wetu sisi Manchester United, wakiwa wanaburuza mkia wa ligi. Dakika ya 19 Steve Sidwell akatufunga. Kuanzia hapo tuliona jambo moja likijirudia karibu saa nzima: mpira unapelekwa pembeni, krosi, yaani mpira wa juu kuelekea golini, inamiminwa, beki wao Dan Burn anaruka na kuuondoa kwa kichwa, mpira unamwangukia mtu wetu, naye anaurudisha kulekule pembeni ili imiminwe nyingine. Burn ni jitu la mita mbili. Alikuwa na miaka 21 tu, na baada ya mechi alisema hajawahi kupiga vichwa vingi kiasi kile tangu alipokuwa akicheza ligi za chini. Nilizihesabu krosi hizo mbele ya runinga mpaka nikachoka. Wanaozihesabu kwa kazi yao walifika 81.

Dakika ya 78 Robin van Persie alisawazisha, dakika mbili baadaye Michael Carrick akaweka la pili, tukapumua. Tukaona tumeponea chupuchupu. Kisha dakika ya nne ya nyongeza shuti likamshinda David de Gea kulidaka, likatemwa, na Darren Bent akalikuta likielea akalisukumiza wavuni kwa kichwa. Mechi ikaisha 2-2. Nilizima runinga kabla ya wachambuzi kuanza kusema, maana nilijua watasema nini.

Lakini kitu kilichonikaa moyoni hakikuwa goli la Bent. Kamera ilipoelekezwa kwenye benchi la Fulham, aliyesimama pale alikuwa Rene Meulensteen. Miezi tisa kabla ya hapo mtu huyo alikuwa benchi letu, akivaa jezi za mazoezi za United, kocha wa kikosi cha kwanza chini ya Alex Ferguson. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wachezaji walewale waliokuwa sasa wanarusha mipira hewani kama watu waliopotea njia. Siku tano baadaye Fulham nao walimfuta kazi, kwa hiyo simfanyi malaika. Ninachosema ni kwamba alijua kikosi kile kinapenda nini na kinachukia nini, na siku ile maarifa hayo yalikuwa upande wa pili wa uwanja.

Kwa miaka mingi nilisimulia msimu wa 2013/14 kwa sentensi moja: Moyes, kocha wetu msimu ule, hakuwa na ubavu wa klabu ile. Ni sentensi tamu, inamaliza ubishi haraka. Sasa siiamini tena, angalau si kwa namna nilivyokuwa nikiisema, na nimeuandika uchambuzi huu ili nieleze kwa nini.

Turudi Mei 2013. Ferguson ametangaza kustaafu baada ya miaka zaidi ya 26. Ametuachia ubingwa wa 20 wa ligi, pointi 89, tofauti ya pointi 11 na Manchester City walioshika nafasi ya pili. Van Persie amefunga mabao 26 ya ligi. Ukisoma karatasi tu, anayekuja anarithi nyumba iliyojengwa mpaka paa. Ferguson mwenyewe ndiye aliyemteua David Moyes kutoka Everton, akapewa mkataba wa miaka sita, na siku ya kuaga pale Old Trafford mzee alichukua kipaza sauti akatuomba tusimame na kocha mpya kama tulivyosimama naye zamani. Jukwaa la Stretford End likatundikwa bango lenye picha ya Moyes, likimwita mteule.

Kilichopita bila kelele ni kwamba David Gill naye aliondoka kiangazi kilekile. Gill alikuwa mtendaji mkuu tangu 2003. Ndiye aliyekaa mezani na mawakala, aliyejua klabu ipi inauza na ipi inavuta muda, rais gani wa klabu ya Hispania apigiwe simu na nani asipigiwe. Nafasi yake akapewa Ed Woodward, mtu wa mabenki na mikataba ya udhamini, mjuzi kweli wa biashara, lakini ambaye hakuwahi kuongoza dirisha la usajili hata moja. Chini ya Ferguson na Gill hapakuwa na mkurugenzi wa soka. Miaka yote hapakuhitajika, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa kichwani mwa Ferguson na kwenye simu ya Gill. Walipotoka wote wawili, ofisi ya soka ya klabu kubwa kuliko zote Uingereza ilibaki bila mtu aliyewahi kuifanya kazi ile.

Moyes akaongeza jeraha kwa mkono wake. Aliwaacha Mike Phelan, Meulensteen na kocha wa makipa Eric Steele waondoke, akaja na watu wake wa Everton: Steve Round, Jimmy Lumsden na Chris Woods. Kila kocha ana haki ya kuja na watu anaowaamini, sikatai. Ila fikiria Steele peke yake. De Gea alipofika 2011 akiwa kijana anayeangushwa na kila kona, Steele alijifunza Kihispania ili aweze kuongea naye. Kitu cha namna hiyo hakiandikwi kwenye faili la kukabidhiana ofisi. Niseme pia ukweli wa upande wa pili: De Gea hakuyumba chini ya Woods, alikuwa mchezaji wetu bora msimu ule na tuzo ya klabu alistahili. Lakini ukipiga hesabu ya waliotoka kiangazi kile, ni kocha mkuu, msaidizi wake, kocha wa mazoezi, kocha wa makipa na mtendaji mkuu. Hebu niambie alibaki nani wa kumwonya mgeni kwamba hapa hatufanyi hivyo.

Watu huniambia: acha visingizio, timu nyingine zilibadili kocha mwaka uleule. Ni kweli, na ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Chelsea walimrudisha José Mourinho. City walimfukuza Roberto Mancini wakamleta Manuel Pellegrini, mgeni kabisa kwenye soka la Uingereza, na msimu huohuo City wakawa mabingwa. Tofauti ni kwamba Pellegrini alikuta watu mezani. Ferran Soriano na Txiki Begiristain, waliotoka Barcelona, walikuwa wamefika City tangu 2012. Fernandinho na Jesús Navas walisajiliwa Juni, Álvaro Negredo na Stevan Jovetić wakafuata Julai. Kocha mpya aliuanza msimu akiwa na karibu watu wake wote uwanjani. City walibadili kocha. Sisi tulibadili kocha, tukabadili benchi, tukabadili na ofisi, halafu tukashangaa mbona nyumba inavuja.

Kiangazi kile upande wetu kilikuwa cha kusikitisha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini msimu ulipotelea hapa kabla mpira haujapigwa. Sote tulijua tatizo la kikosi ni kiungo. Paul Scholes alikuwa amestaafu mara ya pili, na safari hii moja kwa moja. Darren Fletcher alikuwa akipambana na maradhi. Carrick alikuwa anabeba mzigo peke yake akiwa amevuka miaka 30. Thiago Alcântara alikuwa anapatikana kutoka Barcelona kwa bei nafuu kwa mchezaji wa kiwango chake; tukasitasita, akaenda Bayern Munich. Tukageukia Cesc Fàbregas, tukapeleka ofa mbili, Barcelona wakazikataa zote mbili, na Fàbregas akabaki. Katikati ya ziara ya Australia Woodward aliondoka ghafla kwa kile kilichoelezwa kuwa ni shughuli ya haraka ya usajili. Tulikesha tukisubiri jina. Hakuja mtu.

Kisha ikaja habari ya Marouane Fellaini. Mkataba wake pale Everton ulikuwa na kipengele cha kumwachia kwa pauni milioni 23.5, na kipengele hicho kilikufa mwisho wa Julai. Moyes ndiye aliyekuwa kocha wa Fellaini. Kama kuna mtu duniani aliyekijua kipengele hicho ni yeye. Agosti tukapeleka ofa ya pauni milioni 28 kwa Fellaini na Leighton Baines kwa pamoja, na Everton wakaiita tusi hadharani. Tarehe 2 Septemba, saa za mwisho za dirisha, tukamchukua Fellaini peke yake kwa pauni milioni 27.5. Milioni nne zaidi ya bei ya Julai, kwa mchezaji ambaye msimu mzima hakutufungia hata bao moja. Sikumchukia Fellaini, na miaka iliyofuata alitupa mabao muhimu kuliko watu wanavyokumbuka. Lakini usajili ule, ukiutazama ulivyofanyika hatua kwa hatua, unakuonyesha ofisi ambayo haijui tarehe zake yenyewe.

Sasa wachezaji. Nilikuwa miongoni mwa waliosema mabingwa walimsaliti Moyes, kwamba walicheza kwa nusu mguu. Nikitazama tena mechi zile naona kitu kingine. Rio Ferdinand alikuwa anaelekea miaka 35. Patrice Evra alikuwa na 32, Nemanja Vidić anakaribia huko na magoti yalishamchosha. Ryan Giggs alifikisha 40 Novemba ile na bado alikuwa anahitajika. Ferguson aliwapangilia wazee wale kama mtu anayegawa maji ya akiba: huyu mechi hii, yule mechi ile, huyu asisafiri. Ilikuwa sanaa, na ilikuwa pia njia ya kuficha kwamba kikosi kinahitaji kujengwa upya. Lawama ya kikosi kuzeeka ni yake Ferguson pamoja na wamiliki waliokuwa wakibana matumizi wakati klabu inalipa riba ya deni la ununuzi wa 2005. Moyes alipokea hesabu ambayo haijalipwa.

Wayne Rooney ni mfano mwingine. Mei 2013 Ferguson alisema hadharani kwamba ameomba kuondoka, kiangazi chote Chelsea walikuwa wanamwania. Alibaki, akapambana, akafunga mabao 17 ya ligi katika timu isiyotengeneza nafasi. Sina la kumlaumu kwa jasho lake. Ila tarehe 21 Februari 2014, siku 12 baada ya krosi 81, klabu ilimpa mkataba mpya mpaka 2019. Mshambuliaji wa miaka 28 aliyeanza kucheza ligi kuu akiwa na 16, mkataba wa miaka mitano na zaidi. Mtu wa soka angeuliza miguu ile imebakiza maili ngapi. Pale mezani hakuwepo mtu wa kuuliza swali hilo, na jibu tuliliona kwa macho yetu miaka miwili baadaye.

Juan Mata aliletwa Januari kwa pauni milioni 37.1, rekodi ya klabu wakati ule. Mchezaji wa raha, mwenye akili ya mpira. Anacheza vizuri nyuma ya mshambuliaji, mahali ambapo tayari tulikuwa na Rooney na Shinji Kagawa. Kwa hiyo akasukumwa pembeni. Hata siku ile ya Fulham alikuwa pembeni, mtu ambaye ubora wake wote ni pasi ya chini inayopenya, akiombwa kumwaga mipira ya juu kwa Burn. Ndiyo maana naiona mechi ile kama picha ya msimu mzima: kila aliyekuwepo uwanjani alikuwa anafanya kazi ya mtu mwingine.

Na hapo ndipo Moyes hana pa kujificha. Hakuna bodi iliyomwamuru apige krosi 81. Everton aliijenga kwa miaka 11 kwa nidhamu, mabeki wa pembeni wanaopanda na mipira ya pembeni, na mbinu hiyo ilimtosha kumaliza nafasi ya sita au ya saba bila fedha nyingi. Katika miaka yote hiyo hakushinda mechi ya ligi ugenini kwa Manchester United, Liverpool, Arsenal wala Chelsea. Alipofika kwetu alibeba ile tahadhari yake yote. Timu iliyokuwa inaingia uwanjani ikijua itashinda hata ikiwa nyuma dakika ya 85 ilianza kuingia ikitumaini isifungwe mapema. Wapinzani waliinusa ile harufu. West Brom walishinda Old Trafford kwa mara ya kwanza tangu 1978. Everton, ndiyo, Everton yake mwenyewe chini ya Roberto Martínez, walishinda pale kwa mara ya kwanza tangu 1992. Siku tatu baadaye Newcastle wakashinda kwa mara ya kwanza tangu 1972. Swansea hawakuwahi kabisa kushinda pale. Januari wakatutoa Kombe la FA. Machi Liverpool wakatuchapa 3-0 nyumbani, na siku tisa baadaye City wakatuchapa 3-0 vilevile, bao la kwanza likiingia kabla dakika ya kwanza haijaisha.

Kulikuwa na usiku wa kukumbukwa, nisiwe mchoyo. Kwenye Ligi ya Mabingwa tulishinda 5-0 ugenini kwa Bayer Leverkusen. Adnan Januzaj, kijana wa miaka 18, alifunga mawili Sunderland na kutupa sababu ya kuwasha runinga wiki iliyofuata. Olympiacos walitufunga 2-0 kwao, wakaja Old Trafford tukawalipa 3-0, Van Persie akifunga yote matatu na De Gea akiokoa mara mbili mfululizo dakika chache kabla ya mapumziko. Halafu Munich, robo fainali, Evra akapiga shuti ambalo bado naliona nikifumba macho, tukawa tunaongoza. Nilikuwa bado nimesimama nashangilia, hazikupita dakika mbili, Mario Mandžukić akasawazisha. Ikaisha 3-1. Hata furaha ya msimu ule ilikuwa haikai.

Sisi mashabiki nasi tuna sehemu yetu. Tarehe 29 Machi, kwenye mechi na Aston Villa, ndege ilikodiwa ikapita juu ya uwanja na bango la kumtaka Moyes aondoke. Wengi waliokuwa uwanjani waliizomea ndege ile, na siku hiyo tukashinda 4-1. Nawaheshimu waliozomea. Mwezi huohuo mashabiki walikuwa wakikusanya saini mtandaoni ili Tom Cleverley asiitwe timu ya taifa ya Uingereza kwenda Kombe la Dunia. Kijana aliyelelewa klabuni, aliyewekwa katikati ya kiungo kilichobomoka bila msaada, ndiye tuliyemfanya alama ya kushindwa kwetu. Sikutia saini, lakini nilicheka vichekesho vyote vilivyomhusu na nikavisambaza. Najutia. Ilikuwa rahisi kumrukia aliye mbele ya kamera kuliko kuuliza ni nani juu aliyeacha kiungo kile bila mtu.

Tarehe 20 Aprili, siku ya Pasaka, tulikwenda Goodison Park. Everton 2, sisi 0. Matokeo yale yalifunga kabisa mlango wa Ligi ya Mabingwa. Siku iliyofuata habari za kufukuzwa zilikuwa tayari zimejaa kwenye vyombo vya habari, na Moyes mwenyewe akaja kuthibitishiwa asubuhi ya tarehe 22. Mwanadamu aliyeachiwa miaka sita, kibarua kikaota nyasi ndani ya miezi kumi, na akawa wa mwisho kuambiwa. Hata kama ungetaka aondoke, na mimi nilitaka, namna ile haikuwa ya klabu niliyofundishwa kuipenda. Siku hiyo bei ya hisa za klabu kwenye soko la New York ilipanda.

Giggs alishika timu kwa mechi nne zilizobaki. Tukamaliza wa saba na pointi 64. Everton waliotuachia kocha na kutuuzia Fellaini walimaliza wa tano na pointi 72.

Kiangazi cha 2014 Vidić, Ferdinand na Evra waliondoka wote watatu ndani ya wiki chache, ukuta mzima pamoja na kumbukumbu zake. Louis van Gaal akaja, Ángel Di María akanunuliwa kwa pauni milioni 59.7, na mwaka mmoja baadaye akauzwa. Baada ya Van Gaal akaja Mourinho, baada ya Mourinho Ole Gunnar Solskjær, na kila mmoja aliacha nyuma wachezaji ambao aliyefuata hakuwataka. Moyes alitangatanga Hispania na Sunderland, kisha Juni 2023 akaipa West Ham kombe la Ulaya pale Prague kwa kuwafunga Fiorentina 2-1. Nilimwangalia akimkumbatia baba yake mzee usiku ule, nikafurahi kwa moyo wote.

Mkurugenzi wa kwanza wa soka wa Manchester United alitangazwa Machi 2021, karibu miaka minane baada ya Ferguson na Gill kutoka kwa pamoja. Aliitwa John Murtough. Alikuwa amefanya kazi na Moyes pale Everton, na Moyes ndiye aliyemwingiza Old Trafford msimu ule wa krosi 81.